Mafundi Waliotoka kwenye Redio

Aprili 1982 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilianza kuuza kompyuta ndogo ya nyumbani iliyoitwa ZX Spectrum. Ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, na ya kilobaiti 48 pauni 175. Agosti ya mwaka huohuo Commodore 64 nayo ikaingia sokoni Marekani kwa dola 595. Vijana wa huko walizinunua kwa mamilioni, wakazichezea, wakaziharibu, wakazifungua, na wengi wao wakajifunza ufundi wa kompyuta hapohapo sebuleni kwao.

Mwanza ufundi huo haukuanzia sebuleni. Hata aliyebahatika kuletewa Spectrum na ndugu aliyetoka ng'ambo asingekuwa na pa kuichomeka, maana mashine ile haikuja na kioo chake. Ilitegemea televisheni ya nyumbani, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Majirani wa Ziwa Victoria walikuwa mbele: Kenya ilirusha picha tangu 1962 na Uganda tangu 1963. Zanzibar nayo ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994.

Isitoshe, kompyuta yenyewe ilikuwa marufuku.

Kisa chake kilianzia Wizara ya Fedha. Mwaka 1965 wizara ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ili isaidie hesabu za serikali, na baadaye zikaja mashine kubwa zaidi za ICL za mfululizo wa 1900. Mambo hayakwenda. Hesabu zilivurugika, uendeshaji ulitegemea wataalamu wa kigeni, fedha za kigeni zikayeyuka, na mwishowe wizara ikarudia njia zake za zamani. Mwaka 1974 serikali ikakataza kuingiza kompyuta na vifaa vyake isipokuwa kwa kibali maalumu, na televisheni zikaingizwa kwenye katazo hilohilo.

Leo ni rahisi kuucheka uamuzi huo. Mimi siucheki sana. Ile ilikuwa miaka ya ukame na ya mafuta kupanda bei, nchi inaagiza nafaka kutoka nje, na mashine iliyogharimu fedha nyingi imekaa Dar es Salaam inatoa hesabu zisizoaminika. Kosa lilikuja baadaye. Kompyuta ilipungua kutoka ukubwa wa chumba hadi ukubwa wa daftari, lakini katazo lilibaki na kimo chake kilekile. Lililowekwa kuizuia wizara isifuje fedha likamzuia pia mwanafunzi wa ufundi wa Bwiru asiguse kitu ambacho kijana wa rika lake wa Manchester alikiomba kama zawadi ya Krismasi.

Kwa hiyo mkono wa fundi wa Mwanza ulijifunzia kwenye redio.

Redio haikuwa anasa, ilikuwa chombo cha dola. Kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kiliunda redio za National na betri zake, na Philips ilikuwa na kiwanda chake Arusha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza vipindi vya Redio Tanzania, kisha wakajadili, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Kikundi kilikuwa na redio moja. Ikinyamaza, somo limekwisha. Ndiyo maana kila mji, na kila gulio kubwa la Usukumani, ulikuwa na fundi redio: meza barazani, kopo la skrubu, mita ya mshale, rundo la redio zilizokufa kwa ajili ya spea, na chuma cha kulehemu ambacho pasipo na umeme kilipashwa moto kwenye jiko la mkaa.

Namna alivyolitafuta tatizo inastahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa ndiyo iliyokuja kutumika kwenye kompyuta miaka 20 baadaye.

Alianzia kwenye betri. Hakutosheka kuzipima zikiwa mezani, kwa kuwa betri iliyochoka husoma volti 1.5 ikiwa haina kazi, na ukiwasha redio inaporomoka. Alizipima redio ikiwa imewashwa. Kisha aliangalia vibati vya mguso, maana betri iliyosahauliwa ndani hutoa majimaji yanayovila hadi viwe unga wa kijani. Umeme ukiwa salama na redio bado bubu, aliugusa mguu wa kati wa kitufe cha sauti kwa ncha ya bisibisi. Spika ikivuma, nusu ya nyuma ya redio ni nzima, yaani sehemu ya kukuza sauti inafanya kazi, na ugonjwa umekaa mbele, kwenye kunasa mawimbi. Isipovuma, ni kinyume chake. Mguso mmoja tu, na nusu ya redio imeondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa. Akiendelea hivyo, nusu ya iliyobaki, kisha nusu ya hiyo, hufika kwenye transista moja au kiungo kimoja cha risasi kilichopasuka bila kuwa na mchoro wa kiwanda.

Dalili zilikuwa na majina yake midomoni mwa watu. Inakwaruza: kitufe cha sauti kimeingia vumbi. Inaongea kwa mbali: kapasita imekauka. Inaongea ukiipiga kofi: kuna kiungo kimeachia. Na kidole kilikuwa kipimo kama mita, maana kifaa kinachounguza mahali ambapo wenzake ni baridi kimejitaja chenyewe.

Ziwa nalo lilikuwa na tabia yake. Fundi wa Dar es Salaam hupigana na chumvi ya bahari, na redio iliyotumbukia baharini ni ya kuzika. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo redio ya mvuvi iliyoanguka kutoka kwenye mtumbwi ilifunguliwa haraka, ikaanikwa, na mara nyingi iliongea tena. Adui wa Mwanza ni unyevu wa usiku, vumbi la kiangazi, na wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, wakafuata kila taa na kujipenyeza katika kila tundu lenye joto. Kompyuta zilipokuja, na matundu yake na feni zake, wadudu hao walizikuta tayari zimewafungulia milango.

Hebu sasa tuifungue ile Spectrum ambayo kijana wa Mwanza hakuwahi kuipata, tuone kama fundi redio angepotea humo. Nadhani asingepotea. Umeme unaingia ukiwa volti 9, kiwango anachokijua. Kidude cha miguu mitatu, 7805, kinaushusha hadi 5. Pembeni kuna koili ndogo na transista iliyoandikwa TR4, vinavyotengeneza volti 12 na volti 5 hasi kwa ajili ya kumbukumbu ya chini, ambayo ni chipu 8 aina ya 4116. Chipu hizo zinataka volti zote tatu. Ile hasi ikikosekana wakati nyingine zipo, chipu huchemka na kufa. Kwa hiyo Spectrum inayoonyesha mistari na madoa badala ya maandishi ya kuanzia, mara nyingi si ya kutafutiwa ugonjwa kwenye ubongo wake. Pima volti tatu. Hasi haipo? Iangalie TR4 na koili yake. Ukishavitengeneza, washa na upitishe kidole juu ya zile chipu 8. Inayounguza, toa.

Commodore 64 nayo ina fitina yake, na inakaa nje ya mashine, kwenye kisanduku cha umeme. Kirekebisha volti kilichomo, kikizeeka, mara nyingine hakizimi. Huachia umeme mwingi kuliko volti 5 na kuiunguza kumbukumbu, mwenye mali akiwa bado anashangaa kwa nini kioo ni cheusi. Wakongwe wa mashine hiyo huko Ulaya wanasisitiza: usichomeke kabla ya kupima. Fundi redio wa Mlango Mmoja, Mwanza, angewajibu kwamba hilo alifundishwa siku ya kwanza.

Maarifa hayo na mashine hizo vilifaana, na katazo lilivitenganisha kwa zaidi ya miaka 10.

Kompyuta ziliingia kwanza kupitia milango yenye mlinzi. Katika miaka ya 1980 vibali vilianza kulegea, na miradi ya wafadhili ikaleta mashine ndogo za mezani, hasa zile za jamii ya IBM PC. Mwanza ilikuwa na sababu ya kuzihitaji. Kati ya 1991 na 1994 kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na AMREF na chuo cha tiba za kitropiki cha London, kiliendesha vijijini mkoani humo utafiti wa kutibu magonjwa ya zinaa ili kupunguza maambukizi ya VVU. Watu wazima wapatao 12,000 katika jamii 12 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet: maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40. Taarifa za kiasi hicho hazichambuliwi kwa kalamu.

Mashine za aina hiyo zilikuwa na jambo ambalo redio haikuwahi kuwa nalo: zilijipima zenyewe zinapowashwa, kisha zikataja ugonjwa. Kwenye IBM PC namba 201 ilimaanisha kumbukumbu, 301 kibodi, 601 kisoma disketi. Kioo kikiwa kimekufa, zililia milio ya kuhesabika. Nani asingependa mgonjwa wa namna hiyo? Tatizo ni kwamba namba hizo zilikuwa kwenye vitabu vya Kiingereza, vitabu vilikuwa ofisini, na fundi wa barazani alikuwa nje ya geti.

Aliingia kwa kupitia televisheni. Ilipofika 1994, kituo cha ITV na wenzake wakaanza kurusha matangazo, na Mwanza ilikuwa na fedha mpya: viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeota kando ya ziwa na ndege za mizigo zilikuwa zinashuka kuifuata. Watu wakanunua televisheni, nyingi zikiwa zimetumika. Zikaanza kufa. Fundi redio akalazimika kujifunza vitu viwili ambavyo redio ya betri haikumfundisha. Cha kwanza ni kioo chenyewe, kinachobeba volti zipatazo 25,000 na kinachoweza kukurusha hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Cha pili, ambacho kwa historia hii ndicho kikubwa, ni namna televisheni za kisasa zinavyopokea umeme: volti 230 za TANESCO hunyooshwa kuwa kama 325, zikakatwakatwa kwa transista maelfu ya mara kwa sekunde, ndipo zikashushwa na transfoma ndogo. Pawa saplai ya kompyuta imejengwa kwa kanuni hiyohiyo. Aliyejua kuitibu ya televisheni alikuwa ameshaijua nusu ya kompyuta, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa inaugua zaidi.

Kisha milango ikafunguka yote kwa pamoja. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilianza Nyegezi, mahali palipokuwa na taasisi ya mafunzo ya jamii tangu 1960. Mwaka 2000 Mwanza ikawa jiji. Mwanzoni mwa miaka hiyo serikali, ambayo zamani ilikataza kompyuta, ikaziondolea kodi, na mwaka 2003 ikatoa sera ya taifa ya teknolojia ya habari. Steshenari zikaota kila kona: kuchapa barua, kutoa kopi, kuprinti. Zikafuata kafe za intaneti. Mashine zake zilikuwa za mtumba, zilizotolewa na ofisi za Ulaya na Marekani, zikapita Dubai au kwenye kontena za misaada, zikashuka Dar es Salaam, zikapanda basi. Kwa wenzetu zilikuwa takataka, na kwa steshenari ya mtaa wa Rufiji ndizo mashine mpya.

Zile za Marekani zilikuja na mtego. Nyuma ya pawa saplai kulikuwa na swichi ndogo nyekundu, 115 au 230. Mmarekani alikuwa ameiacha kwenye 115. Mnunuzi anafika nyumbani, anachomeka, na mlipuko unasikika hadi kwa jirani. Maelezo yake ni haya: ikiwa kwenye 230, kapasita mbili kubwa za ndani hugawana zile volti 325, kila moja ikibeba nusu yake. Ikiwa kwenye 115, saketi hugeuka, na kila kapasita hupewa zote 325 ilhali imetengenezwa kustahimili 200. Hupasuka. Habari njema, ambayo fundi aliijua na mwenye mali hakuijua, ni kwamba mara nyingi ubao mkuu ulikuwa umesalimika. Fyuzi, kapasita mbili, pengine na dayodi, na mashine inaamka.

Umeme wa Mwanza wenyewe ulikuwa somo. Gridi ya taifa ilifika mwishoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo mji uliendeshwa na jenereta za dizeli. Kuunganishwa na mabwawa kuliuunganisha mji na ukame pia, na mgao wa 2006, maji yalipopungua mabwawani, uliua mashine nyingi. Kuzimika si tatizo kubwa kwa kompyuta. Kinachoua ni kurudi: umeme unarudi, unakatika, unarudi tena kwa nguvu, na kila friji na mota ya mtaa mzima inajivuta kwa wakati mmoja.

Katika meza za mafundi utaratibu ukawa uleule wa redio, kwa maneno mapya. Haiwaki kabisa? Pawa saplai: unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, uone kama feni inazunguka. Inawaka lakini kioo cheusi? Chomoa kila kitu, bakiza ubao, prosesa na RAM moja, usikilize milio. Toa RAM, sugua meno yake kwa ufutio wa penseli, rudisha. Ufutio huo umefufua kompyuta nyingi kuliko programu yoyote ninayoijua, kwa kuwa unyevu na vumbi huacha utando mwembamba kwenye meno hayo, na ufutio huuondoa. Inasahau tarehe na kukudai ubonyeze F1 kila asubuhi? Betri ya saa, CR2032.

Palikuwa na mahali ambapo busara ya redio iliwapotosha. Kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikumbwa na ugonjwa wa kapasita uliozagaa duniani: vichwa vinavimba, vinavuja, mashine inajizima ovyo. Nyaraka za mahakama zilizowekwa wazi mwaka 2010 zilionyesha kwamba Dell pekee iliuza kompyuta milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari hiyo kati ya Mei 2003 na Julai 2005, na OptiPlex GX270 ilikuwa maarufu miongoni mwao. Ofisi za huko zilipozitupa, zikawa mtumba. Fundi akiona kapasita iliyovimba hufanya alilozoea: anatafuta yenye namba sawa kwenye redio au televisheni iliyokufa, analehemu, mashine inawaka, mteja analipa. Baada ya wiki chache mteja amerudi. Namba zilikuwa sahihi, lakini kapasita iliyo karibu na prosesa inahitaji iwe na ukinzani mdogo sana wa ndani, kwa sababu umeme hapo hupanda na kushuka kwa kasi ambayo redio haiijui. Ya redio huchemka, hukauka, huvimba kama mwenzake. Dawa ilikuwa kutoa kapasita kwenye ubao mwingine wa kompyuta, si kwenye redio. Na kulehemu nako kulibadilika: ubao wa kompyuta una matabaka kadhaa ya shaba yanayonyonya joto, na chuma cha wati 30 kilichotosha miaka yote kikawa hakiyeyushi risasi hadi ndani ya tundu. Waliong'ang'ania waling'oa vijia vya shaba.

Nimesikia watu wakiuita ufundi huu wa kubahatisha. Si kweli. Makoroboi, katikati ya jiji, wahunzi wa bati wamekuwa wakigeuza makopo kuwa taa na vyombo vya nyumbani kwa miaka mingi, na hakuna anayewaambia wanabahatisha. Tofauti ni kwamba mtaa ule unaonekana, una hata watalii wake, wakati fundi kompyuta amejificha nyuma ya kaunta ya duka la vocha. Udhaifu wa kweli ulikuwa kwingine: hakuna aliyeandika. Vijana wa Uingereza walikuwa na majarida ya Sinclair na vilabu vya kubadilishana michoro. Mwanza ugonjwa uliotibiwa Kirumba ulitafutiwa dawa upya Igoma, kana kwamba ndio kwanza umezaliwa.

Vioo vikubwa vya zamani sasa vimevunjwa na shaba yake kuuzwa kwa kilo. Laptopu zinakuja na RAM iliyolehemiwa, na ufutio hauna pa kusugua. Mafundi wengi wamehamia kwenye simu, wengine kwenye taa za betri na sola ambazo wavuvi wa dagaa wanatumia badala ya karabai. Kompyuta za 2003, kwa umri, sasa zimeingia kundi la Spectrum. Zinazoendelea kuletwa kwa fundi mara nyingi hazitunzwi kwa mapenzi. Zimefungwa na kifaa kingine, kama kipimo cha maabara au mizani ambayo programu yake inaishia kwenye Windows XP na waya wake unadai tundu la zamani la siriali. Kununua kompyuta mpya kungelazimisha kununua na kifaa hicho. Kwa hiyo mwenye mali huja na mashine nzito ya kijivu, anaiweka kaunta, na kuulizwa swali la kwanza: ilizimika yenyewe, au umeme ulikatika?